Nilisema Makohozi ya Mjomba ni Safi

Mimi ndiye niliyekosea. Naanza na hilo ili asije mtu akasema namsingizia mwingine. Yapo ya mjomba wangu, yapo na ya mama yangu mzazi, na nitayasema yote maana yananichoma. Lakini mdomo uliomwambia mwanamke wa watu "huyu ni mzima" ulikuwa huu wangu.

Jina langu liacheni. Morogoro tunajuana, na anayenijua atanitambua hata akisoma nusu.

Nilipomaliza chuo cha maabara nilipangiwa intanishipu kwenye hospitali moja pale mjini. Jamani, furaha ile! Kwetu ni milimani, upande wa Matombo, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuvaa koti jeupe isipokuwa binamu yetu muuza nyama. Siku niliyopiga picha na koti langu nikaituma kule juu, simu ya mama ilizungushwa nyumba hadi nyumba.

Kwa wasiojua, intanishipu ni ule mwaka unaofanya kazi chini ya wakubwa kabla hujapewa leseni. Ukipita hapo wewe ni mtaalamu. Ukiharibu hapo, chuo chote kimekwenda na maji.

Sasa niwaeleze mjomba, kaka wa mama yangu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba tunampenda na kumheshimu, lakini mwenye neno la mwisho ni mjomba. Shamba anagawa yeye, posa anapokea yeye, msiba anasimamia yeye. Mjomba akisema hili ni jeupe, unaweza kulala huku unajua ni jeusi, ila asubuhi utaliita jeupe.

Tena mimi nilikuwa na deni naye la moyoni. Nilipomaliza kidato cha nne upande wa baba walishaniletea mchumba, kijana mwenye pikipiki. Mjomba alisimama mbele za watu akasema, "Huyu anasoma. Mwenye pikipiki akatafute wa kumpakiza." Watu wakacheka, posa ikafa. Bila yule mzee leo ningekuwa na watoto watatu na hadubini ningeiona kwenye kalenda. Kwa hiyo mnielewe, sikumwogopa tu mjomba. Nilimpenda!

Mjini nilipanga chumba Mwembesongo kwa mama mmoja mjane, fundi cherehani wa sare za shule. Nitamwita Mama Rehema, ingawa si jina lake. Alikuwa na binti mmoja wa miaka mitano, Rehema wetu, mtoto mwenye maneno kuliko redio. Nikirudi kazini ananivua koti, analivaa yeye, linaburuza chini, halafu anawapima majirani homa kwa kijiko. Majirani nao wakaanza kuniita dokta. Nami sikuwakatalia. Nilijisikia, acheni tu!

Mama Rehema hakunichukulia kama mpangaji. Chakula chake kilikuwa changu. Nikiugua tumbo la mwezi ananichemshia tangawizi bila kuulizwa. Mume wake wa kwanza, wa kiwandani, alikuwa amekufa kwa kifua. Alimuuguza mwenyewe mpaka mwisho, na tangu hapo akisikia mtu anakohoa hata barabarani anamvuta Rehema kando.

Mjomba akawa anakuja kunitembelea. Ni mtu wa kupendeza, siwezi kusema uongo. Kanzu safi, mikungu ya ndizi, mdalasini, shokishoki msimu wake, na utani usiokwisha. Mke wake alishafariki siku nyingi. Nikaanza kuona mgeni wangu ananisalimia mara moja, halafu anakaa barazani na mwenye nyumba mpaka chai inapoa. Ziara zikaongezeka. Kanzu zikazidi kuwa nyeupe.

Mimi nikafurahi, jamani, kwa nini nisifurahi? Watu wawili ninaowapenda, wote wajane. Nikawa ndiye mpeleka salamu.

Tatizo lilikuwa kikohozi. Mjomba alikuwa anakohoa. Si kikohozi cha kupaliwa, ni kile kinachoanzia chini na kumwinamisha mtu. Ukimuuliza anasema ni vumbi la njia ya Matombo, kesho yake ni pilipili manga alizokuwa anaanika, keshokutwa ni baridi ya mlimani. Kila wiki kikohozi kilikuwa na mzazi mpya.

Siku moja Mama Rehema aliniita, akazima cherehani. Yule mama hazimi cherehani kwa mazungumzo ya hovyo.

"Mwanangu, mjomba wako ameniposa."

Nikapiga kigelegele. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Sikiliza. Mimi nimezika mume kwa kifua. Nina mtoto. Siingii nyumba moja na mtu anayekohoa mpaka apimwe. Wewe unafanya kazi hukohuko. Mpime. Ukiniambia ni mzima, naolewa. Ukiniambia mgonjwa, namsubiri anywe dawa apone, halafu naolewa. Simkatai. Nataka kujua tu."

Mnaona? Hata angekuwa mgonjwa asingeachwa! Kila nikikumbuka maneno yale najisikia kupiga kichwa ukutani.

Nikamwambia mjomba kwa adabu zote, kwamba aje hospitali. Mgonjwa wa kifua anatoa makohozi palepale, nyuma ya maabara kwenye uwazi, mhudumu akiwa anamwona. Ndiyo utaratibu, tena ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa: usipokee kipimo usichojua kimetoka kwa nani.

Mjomba akacheka. "Mimi, mtu na wajukuu, nikapange foleni na wakohozi, watu wa Matombo wanione? Kesho watasema nina ngoma. Wewe si daktari wetu? Nipe hicho kikopo. Nitakohoa nyumbani kwangu kwa heshima, nitakuletea."

"Mjomba, taratibu zetu..."

"Taratibu zenu nani kakutuma ukazisome?"

Alisema huku anatabasamu. Nikampa kikopo.

Akapanda nacho mlimani. Aliporudi alinikabidhi kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya kikapu cha ndizi. Nikakipeleka kazini ndani ya mkoba wangu wa chakula. Ndiyo, wa chakula! Mtu wa maabara mimi.

Pale kwetu makohozi yanapimwa na mashine, lakini kila katriji, kile kichupa kinachoingia kwenye mashine, inaandikwa jina la mgonjwa aliyesajiliwa, huwezi kuweka ya mjomba ikapita. Nikaamua kutumia njia ya zamani: unapaka makohozi kwenye slaidi, unaipiga rangi, unaangalia kwa hadubini. Vijidudu vya kifua kikuu vinaonekana kama vijiti vyekundu kwenye uwanja wa bluu. Nilisubiri wenzangu waende kunywa chai.

Nilipofungua kifuniko nikaona.

Hayakuwa makohozi. Yalikuwa mate. Maji meupe yenye povu juu, mepesi, yanacheza kwenye kikopo. Mtu mwenye kikohozi kile hawezi kutoa mate kama ya mtoto anayeota meno. Ukiletewa mate unamrudishia mgonjwa, unamwambia akohoe tena kutoka kifuani. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua.

Nikapaka hivyohivyo. Nikaangalia. Hakukuwa na kijiti hata kimoja, lakini hakukuwa na dalili yoyote ya kifua pia. Makohozi ya kweli huja na chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Mimi niliona zile chembe pana za mashavuni tu, zinazobanduka mdomoni mwa mtu yeyote aliye hai. Ile slaidi ilikuwa inaniambia waziwazi kwamba kifua cha mtu huyu bado hujakiona.

Nikakaa na hadubini yangu, nikajisemesha. Labda amekosea tu namna ya kukohoa. Labda ni mzima kweli, ndiyo maana hana makohozi. Nikimrudishia kikopo atasema namdharau. Atasema elimu imenipanda kichwani. Nani mimi wa kumwambia mjomba "kohoa tena"?

Haya ndiyo makosa yangu, wapenzi wasomaji, wala msiyatafute kwingine. Sikudanganywa na macho. Macho yaliona vizuri sana.

Jioni Mama Rehema alinisubiri mlangoni, sindano bado iko mdomoni.

"Enhe?"

"Safi," nikasema. "Makohozi ya mjomba ni safi."

Alinikumbatia mpaka nikasikia mapigo ya moyo wake. Akanishukuru! Alikwenda chumbani, nikamsikia analia kidogo, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Wakafunga ndoa msikitini, pilau ikaliwa, mimi nikakaa meza ya mbele. Mjomba akahamia Mwembesongo, akawa anapanda mlimani kuangalia shamba na kurudi. Rehema akampenda. Mjomba alikuwa anamsimulia hadithi, mtoto kamlalia kifuani, na kikohozi kikimjia anageuza uso upande na kuendelea na hadithi.

Mimi nilikuwa naona yote yale. Usiku namsikia mjomba anakohoa ukutani kwangu, nafunika mto kichwani. Mama Rehema akiniuliza, "Hiki kikohozi vipi?" najibu, "Vumbi, mama. Si nilipima mwenyewe?"

Hapo sasa nilikuwa siwezi kurudi nyuma. Uongo ukishaulia pilau unakuwa mgumu kuutapika.

Rehema alianza kwa kunyong'onyea. Mtoto wa maneno akawa kimya. Homa inakuja inaondoka, akapewa dawa za malaria, akapata nafuu ya siku chache, ikarudi. Akaacha kula. Akawa analalamika kichwa, anatapika, mwanga unamkera. Mama yake akamkimbiza hospitalini kwetu, na pale wodini akapata degedege.

Mimi nilikuwa zamu maabara. Ikaletwa chupa ndogo yenye maji ya uti wa mgongo wa mtoto. Nikaipokea kama ninavyopokea nyingine, nikasoma jina.

Lilikuwa lake!

Nikalisoma mara ya pili, ya tatu. Mwenzangu akaniuliza kama nimekula. Nikamwachia chupa, nikaenda kukaa chooni. Nilijua. Kabla ya kipimo, kabla ya mashine, mimi nilijua.

Kilikuwa kifua kikuu, kimepanda kwenye utando wa ubongo.

Daktari wa watoto akamuuliza Mama Rehema kama nyumbani kuna mtu anayekohoa. Na yeye, maskini, akanitetea bila kujua: "Yupo mume wangu, daktari, lakini yeye alishapimwa. Alipimwa na binti yangu wa hapa maabara, yuko safi."

Daktari akapiga simu maabara. Msimamizi wetu, mama mmoja wa Kichaga tuliyekuwa tunamwita Madam, akaangalia majibu yote ya nyuma. Hakuna jina la mjomba. Akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Binti, ulimpima mtu humu ndani bila kumwandikisha?"

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Akasema, "Mlete huyo mjomba."

Mjomba alikuja na kanzu yake. Mama Rehema naye aliitwa kutoka wodini, kanga moja kichwani, macho mekundu. Tukasimama wanne kwenye kaofisi kale. Nikashukuru Mungu kwamba mjomba yupo, nikajua sasa atasema, "Mtoto huyu nilimlazimisha mimi." Alishawahi kunisimamia mbele za watu. Atanisimamia tena.

"Mzee," Madam akasema, "shikamoo. Ulimpa huyu binti makohozi yako?"

"Marahaba. Makohozi?" Mjomba akashangaa, mshangao wa kweli kabisa ukimwona. "Makohozi gani, mama? Mimi ni mkulima, nitajua nini mambo ya maabara? Huyu mtoto mwenyewe alikuja kutuambia nimepimwa, niko safi. Tukamwamini, si ndiye msomi wetu?"

"Mjomba!" nikapiga kelele.

Hakunitazama. Alitazama dirishani, kwenye milima, kama mtu anayekisia mvua.

Wasomaji wangu, nimeshawahi kuachwa na mwanamume, nimeshawahi kuibiwa na rafiki. Hayo yote weka kando. Yule mzee alinitoa mikononi mwa mwenye pikipiki akanipeleka shule, na siku hiyo alinisukuma shimoni kwa sauti ileile ya upole. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nausikia tu msemo huo, siku hiyo ndiyo uliniingia.

Mama Rehema alichukua kikopo kipya mezani kwa Madam, akampa mumewe.

"Leo utakohoa mbele yangu."

Akakohoa. Nyuma ya maabara, juani, foleni yote ikimwangalia. Na kilichotoka hakikuwa mate. Kilikuwa kizito, cha manjano, na nyuzi za damu.

Madam aliyapeleka kwenye mashine, lakini pia aliagiza slaidi. Ilipokuwa tayari akanivutia kiti. "Kaa. Soma mwenyewe."

Nikainamia hadubini. Vijiti vyekundu vilijaa kila nilipogeuza. Nilikuwa sijawahi kuona slaidi chafu kiasi kile hata chuoni.

"Sasa nikuulize," Madam akasema. "Sikuulizi habari za mjomba wako. Ile slaidi ya kwanza uliisoma wewe. Uliona nini?"

Ningeweza kusema sikuona kitu. Ilikuwa kweli nusu. Nilitaka sana kusema hivyo.

"Niliona mate, Madam."

Akavua miwani, akayafuta macho. Nadhani alitamani nimdanganye.

Nikasimamishwa nyumbani kusubiri kikao. Kikao ndicho kingeamua: nipewe onyo nimalizie mwaka wangu, au nifukuzwe na taarifa zangu zipelekwe kunakotolewa leseni. Madam aliniambia kwa faragha, "Kama kuna mtu wa kuthibitisha kwamba uliletewa kipimo cha uongo, mlete. Kosa lako halifutiki, ila angalau litaonekana ni la woga, si la hila."

Maana swali lilibaki: kama mjomba alikuwa na kifua kilichooza vile, mate yale yalikuwa ya nani?

Nikapanda Matombo. Sikuwa na wa kumuuliza ila mama yangu, ndiye anayeishi karibu na mjomba kule juu. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamsalimia, nikakaa juu ya kinu kilichoinamishwa, nikamweleza yote, mtoto, mashine, ofisi, kikao. Nikamuuliza kama siku zile aliona mgeni yeyote kwa mjomba, mtu ambaye angeweza kutema mate kwenye kikopo kwa niaba yake.

Mama aliendelea kumenya. Ndizi moja, ya pili. Halafu akaweka kisu chini.

"Nilitema mimi."

Nikadhani sijamsikia.

"Alikuja asubuhi na kikopo. Akasema, dada, tema humu. Nikatema."

"Mama, ulijua ni cha nini?"

"Nilijua."

"Ulijua anaumwa?"

"Alikuwa anatema damu tangu wakati wa kuvuna maharage. Nilikuwa ninamfulia vitambaa. Aliniambia akishaoa atakunywa dawa taratibu, bila watu kujua. Nilimwamini."

"Na mimi je, mama? Ulijua anayekuja kuangalia ni mimi!"

Akaokota kisu chake, akasema kitu ambacho mpaka leo kinanizunguka kichwani: "Ningemkataliaje kaka yangu?"

Nilitaka kumtukana mama yangu. Mungu anisamehe, tusi lilifika kwenye meno. Halafu nikakumbuka jinsi nilivyotoa kikopo na kumpa mjomba anatabasamu. Mimi na cheti changu cha chuo nilifanya kilekile alichofanya mama asiyejua hata rangi ya hadubini.

Lakini bado nilimpigia magoti. Nikamwomba tushuke wote mjini, aseme mbele ya kikao maneno yaleyale mawili aliyoniambia mimi. Nilitema mimi. Basi. Wamhurumie mwanawe.

"Nimtaje kaka yangu mbele ya watu wasio wa ukoo? Anaumwa, yuko peke yake, mke kamfukuza. Nikimwaibisha, siku nikifa nani atanizika?" Akanishika kidevu kama nilipokuwa mdogo. "Wewe umesoma, mwanangu. Kazi utapata nyingine. Mimi kaka ninaye mmoja."

Nilishuka mlima peke yangu, na mkungu wa ndizi alionifungia. Niliuacha njiani, sikuweza kuubeba.

Kwenye kikao nilijieleza, nikamtaja mama. Mzee mmoja akauliza, "Yuko wapi huyo mama?" Nikasema hakuja. Wakatazamana. Mngekuwa ninyi mngeamini? Binti aliyeshadanganya mara moja, sasa anamsingizia na mama yake! Intanishipu ikafutwa. Taarifa ikaenda. Nikaambiwa nikitaka kurudi kwenye fani nianze kwa kuomba upya, na hakuna aliyeniahidi kwamba nitakubaliwa.

Sasa niko Dumila, kwa rafiki yangu wa chuo, nauza nyanya na vitunguu barabarani. Wateja wananiita anti. Koti nimemwachia rafiki yangu, yeye analihitaji.

Mjomba alianzishiwa dawa, anapona. Nasikia amenenepa. Kwenye vikao vya ukoo bado anakaa kiti cha mbele, na mimi ndiye natajwa kama mtoto aliyeliletea jina la ukoo doa. Mama hunipigia simu, tunaongea habari za mvua.

Rehema hakufa. Alhamdulillah, hakufa. Lakini mguu wa kushoto anauburuta, na mkono wa upande huo haukunjuki vizuri, na yale maneno yake mengi yamerudi machache, anayatafuta moja moja. Anatembezwa kliniki ya mazoezi.

Kabla sijahama nilikwenda kuomba msamaha. Mama Rehema alikuwa barazani anamnyoosha mtoto vidole. Sikukaribishwa kukaa, nikapiga magoti palepale uwanjani. Nikaeleza yote. Nikasema mjomba alinidanganya, mama alinidanganya, mimi pia nimetendwa, nimepoteza kila kitu. Nililia mpaka Rehema akauliza, "Anti... anaumwa?"

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema bila hasira, na heri angenipiga:

"Mjomba wako nilijua ni mwongo tangu siku ya pili. Wanaume wanaoposa wanadanganya, nimeshazoea. Ndiyo maana sikumuuliza yeye. Nilikuuliza wewe."

Akarudi kwenye vidole vya mtoto.

Enyi wadogo zangu mnaoingia maabara na makoti yenu mapya, nawasihi. Atakuja mjomba. Kwako labda ataitwa baba mchungaji, au shangazi aliyekulipia ada, au mchumba. Atakuja na kikopo, na tabasamu, na wema wote aliokutendea tangu utotoni. Mwamkie, mpe kiti, mpe na chai. Halafu mwambie akohoe mbele yako. Akikasirika, akasirike! Akikuita mtovu wa adabu mbele ya ukoo mzima, itika. Kwa sababu nyuma yake kuna mtu ambaye hakumuuliza yeye, na huyo mtu atampa mtoto wake alale juu ya kifua hicho kwa neno lako wewe.